Wito wa Pili

Kwa mujibu wa cheti cha manispaa ya Kairuani, Wasila Ghanmi alizaliwa tarehe 3 Machi 1956, siku kumi na saba kabla nchi haijapata uhuru. Mwanamke anayekitumia cheti hicho hadi leo alizaliwa kiangazi cha mwaka 1958.

Katikati ya tarehe hizo mbili kuna mtoto. Alikuwa wa kwanza kwa wazazi wake, aliitwa Wasila, na surua ilimwondoa kwenye baridi kali kabla hajatimiza miaka miwili. Mama yake alikuwa mjamzito. Baba hakwenda kuandikisha kifo, na alipozaliwa binti wa pili hakwenda kuandikisha uzazi pia. Jina lilikuwapo, cheti kilikuwapo, na sasa mtoto alikuwapo. Wengi walifanya hivyo zama zile, na mtaani hakuna aliyeona ajabu.

Ajabu iliachwa kwa Wasila wa pili. Aliingia shule akiwa na miaka minne, akawa mdogo kuliko wote darasani na wa mwisho katika kila mbio. Aliajiriwa katika ofisi ya kukagua mazulia, ambako kazi yake ilikuwa kuligeuza zulia na kulisoma mgongo kabla halijapigwa muhuri, na kutoka huko alistaafu kabla ya wakati wake. Mumewe, aliyejua habari hiyo, alikuwa akimtania kwamba ameoa wake wawili kwa mahari moja. Baada ya mumewe kufariki hakubaki mtu mwingine anayejua.

Yeye mwenyewe alilijua jambo hilo kwa vipande. Mama yake, kila alipoita "Wasila!", macho yalitua kando yake kidogo, kama mtu anayemtazama aliyesimama nyuma. Na mama alikuwa na amri zake. Ukisikia jina lako mara ya kwanza, nyamaza. Itika ya pili. Nguo ya sikukuu haivaliwi mpya. Lazima ilale kwanza ndani ya sanduku mwaka mzima. Na walipokwenda kuzuru kaburi la bibi mzaa baba, nje ya ukuta wa mji: "Usikae upande wa miguu. Ondoka hapo. Kaa kichwani." Mama alifariki bila kueleza hata moja, na bila kusema yule wa kwanza alizikwa wapi.

Hilo ndilo lililokuwa likimkosesha Bi Wasila usingizi alipokaribia miaka sabini. Daktari alikuwa amemwambia moyo wake umechoka. Kufa hakukumtisha sana. Kilichomtisha ni jiwe. Siku moja mwashi angechonga jina juu ya kaburi lake, na mwenye jina hakuwahi kupata jiwe lolote. Bi Wasila alikuwa ameazimia kwamba jina lile lisiandikwe kwake kabla halijaandikwa kwa mwenyewe. Lakini huwezi kuweka jiwe mahali usipopajua.

*

Kila Alhamisi baada ya swala ya alasiri alikwenda kwa Hedi. Hedi alikuwa na duka la madaftari na kalamu karibu na soko la ngozi, na nyuma ya duka chumba chenye meza ya duara na rafu za vitabu ambavyo hakuna aliyevinunua. Humo walikutana wasomaji wa riwaya. Hawakuwa wakisoma kitabu kimoja. Kila mtu alikuwa na chake, na kila Alhamisi alisema amefika wapi na anakionaje.

Kanuni zilikuwa chache na zilishikwa kama dini. Ya kwanza: unasimulia kitabu kikiwa kimefungwa. Anayesoma kwa sauti ni mwalimu, si msomaji, na hapa walimu hawatakiwi. Ya pili: unasimama pale ulipofika, na hakuna ruhusa ya kuulizana mbele kuna nini. Ya tatu: kitabu cha mtu hakiguswi maadamu uzi wake umo ndani. Uzi ulikuwa wa sufi, mabaki ya ofisi ya mazulia, na Bi Wasila ndiye aliyewagawia, kila mmoja na rangi yake. Mtu akimaliza kusema, huutoa uzi, huulaza mezani, na kusema, "Uzi wangu uko hapa." Mwenye kuvunja kanuni hulipa makrudi kwa wote, zile za semolina zenye tende ndani, na si za jana.

"Niko pazuri," alianza Mzee Lamine, Alhamisi moja ya mwezi wa Oktoba. Alikuwa mkuu wa stesheni ya reli zamani, na hakusoma kitu kisicho na maiti. "Mwuaji nimeshamjua. Ni daktari."

"Wiki iliyopita alikuwa mpishi," alisema Bi Mongia.

"Mpishi ameuawa."

"Ebo! Basi wauaji wako wanakwisha mmoja mmoja. Ngoja abaki wa mwisho, hutapata shida." Bi Mongia alikuwa mjane wa mwuza dawa, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuuza nguo mnadani. Yeye alisoma mapenzi, na mapenzi yalimwudhi. "Mimi huyu wangu bado yuko bandarini anamsubiri mwanamume. Kurasa mia mbili anasubiri! Shoga, ningekuwa mimi, ningekuwa na wajukuu sasa."

"Maoni yako?" aliuliza Hedi, maana hiyo nayo ilikuwa kanuni: husemi kisa tu, unatoa hukumu.

"Maoni yangu mwandishi ni mwanamume."

Walicheka, na Hedi akaenda kuleta chai. Yeye hakuwa amemaliza riwaya hata moja katika maisha yake. Alisema mwisho wa kitabu unamtia simanzi kama kufunga duka.

Siku hiyo walikuwa na mgeni. Dorra alikuwa muuguzi wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa Gafsa, aliyehamia Kairuani miaka miwili nyuma. Uzi wake ulikuwa mwekundu. Kitabu chake hakikuwa na jalada wala ukurasa wa jina. Alikiokota kwenye rundo la vitabu vya barabarani.

"Sijui nani ameandika," alisema. Alifunika kitabu kwa mkono na kuukazia macho uzi. "Kuna nyumba. Kwenye ngazi ya kupandia darini anakaa mtoto wa kike. Hapewi chakula, hafukuzwi, hasemeshwi. Mama mwenye nyumba akiita, mtoto huyo anainuka, kwa sababu jina linaloitwa ni lake. Anashuka ngazi mbili, tatu. Halafu mama anaita tena, na mtoto mwingine anaitika kutoka jikoni. Yule anarudi kukaa."

"Kijakazi," alisema Mzee Lamine. "Watu wa zamani walikuwa na roho mbaya."

"Kijakazi gani hali chakula? Huyo mzimu, mzee wangu. Hata mimi nisiyesoma mizimu nimeuona," alisema Bi Mongia.

"Maoni yako, mwanangu?" aliuliza Hedi.

Dorra alifikiri. "Mwandishi hana huruma. Lakini siwezi kukiacha." Akaulaza uzi mezani. "Uzi wangu uko hapa."

Bi Wasila alikuwa ameshika lozi iliyotoka kwenye chai yake. Aliiweka kinywani, na haikuwa na ladha yoyote.

Hedi alipokuja kukusanya glasi alisimama akitazama sinia. Watu walikuwa watano pamoja na yeye. Alikuwa ameleta glasi sita.

"Uzee," alisema. "Nilihesabu vichwa."

*

Alhamisi iliyofuata Dorra alisimulia habari ya nguo. Mama wa nyumba ile hushona magauni mawili kila sikukuu, moja kubwa kidogo kuliko jingine. Lile kubwa huliweka ndani ya sanduku, na sikukuu ya mwaka unaofuata, mtoto wa jikoni akiwa amefikia kipimo chake, huvalishwa. Mtoto wa jikoni hunusa mikono ya gauni na kuona kwamba imeshavaliwa.

Bi Wasila alizikumbuka zile nguo zake zote. Kwenye viwiko zilikuwa zimelegea tayari.

Wiki iliyofuata mtoto wa ngazini alikuwa mkubwa. Alikuwa akikua sambamba na mwenzake, akimzidi kiasi kilekile. Alipata chunusi, akapata kiuno. Arusi ya mwenzake aliitazama kutoka juu. Sasa alikuwa na mvi.

"Mzimu unaozeeka!" Bi Mongia alipiga goti lake. "Toba! Huyu mwandishi kazi haijui. Faida ya kufa ni nini basi, kama mtu anapata mikunjo kulekule?"

"Mimi hapo nampongeza," alisema Mzee Lamine. "Ni hoja. Aliyekufa mtoto, nani kasema anabaki mtoto? Anaye mwenzake wa kumpimia umri."

"Wewe umeanza kupenda mizimu baada ya daktari wako kuuawa."

"Hajauawa! Ametekwa."

Bi Wasila alingojea wengine watoke, akamshika Dorra mkono pale mlangoni.

"Mwanangu, watu wako walikuwa na jamaa Kairuani? Bibi yako, shangazi yako, mtu wa zamani?"

"Hapana, shangazi. Mimi wa kwanza. Hata njia ya soko bado napotea."

"Ukimaliza kitabu, niazime."

"Nikimaliza," alisema Dorra, na akakibana kitabu chini ya kwapa. Alionekana kama mtu aliyetoka zamu mbili mfululizo.

Bi Wasila aliishi peke yake katika nyumba ya wazazi wake. Ilikuwa na uwanja wa ndani, jiko upande wa kushoto, na ngazi ya kupandia darini. Baada ya Alhamisi ile ya tatu aliacha kuanika nguo darini. Alifunga kamba uani. Siku moja adhuhuri, akichambua dengu jikoni, alisikia akiitwa. Haikuwa sauti ya mama yake, wala haikuwa ya mtu anayemjua. Iliita "Wasila," kwa utulivu, kama mtu anayejua ataitikiwa. Alinyamaza, akasubiri wito wa pili.

Wa pili haukuja. Ila kwenye ngazi kulisikika kitambaa kikiburuzwa, kama mtu mwenye gauni refu ameinuka, akashuka hatua mbili, tatu, na kusimama.

Hakutoka jikoni mpaka dengu alizoziloweka zilipovimba.

*

Mwezi wa Desemba Dorra alikuwa karibu kufika mwisho. Alisema hivyo mwenyewe: zimebaki kurasa chache. Mvua ilikuwa ikinyesha, na Hedi alikuwa amewasha jiko la makaa katikati ya chumba. Aliweka sinia mezani. Glasi sita tena. Safari hii hakuna aliyetaja.

"Sasa mwandishi anarudi nyuma," alisema Dorra. Hakuwa akimtazama mtu. "Ni siku aliyokufa. Kabla jua halijachomoza, baba anamfunga kwa blanketi la kijivu lenye mistari mwishoni. Hamwambii jirani. Hamwiti mwosha maiti. Anamwosha mwenyewe kwa maji ya birika, anatoka naye mvua ikinyesha, na mama amesimama mlangoni, mkono mmoja kwenye mlango na mwingine tumboni. Baba anafika lango la mji." Akautoa uzi. "Uzi wangu uko hapa."

"Alimzika wapi?" aliuliza Bi Wasila.

Wote waligeuka. Katika miaka kumi na moja Bi Wasila hakuwahi kuuliza mbele kuna nini. Yeye ndiye aliyekuwa akiwatoza wengine.

"Bibie!" Mzee Lamine aliinua kidole. "Makrudi!"

"Nitalipa. Alimzika wapi?"

"Sijafika, shangazi."

"Fungua uone."

"Shoga, una nini?" alisema Bi Mongia, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Ni riwaya tu."

Dorra alikuwa amekwajuka. Alikichukua kitabu, akaaga, akatoka bila mwavuli. Alhamisi iliyofuata hakuja. Na ya baada ya hapo hakuja.

*

Bi Wasila alimfuata nyumbani asubuhi ya Jumapili, akiwa na sanduku la makrudi, kwa sababu faini ni faini. Dorra alikuwa amepanga vyumba viwili juu ya duka la seremala. Alifungua mlango kabla haujabishwa mara ya pili.

"Nilijua utakuja. Karibu. Kitabu hicho pale, chukua. Uzi nimeutoa, kwa hiyo huvunji kanuni."

Kilikuwa juu ya meza ya chakula. Bi Wasila alikaa, akakigeuza kwanza nyuma, kama alivyozoea kugeuza mazulia, akaangalia kilivyoshonwa. Hakuna kurasa zilizong'olewa. Hakuna zilizoingizwa kutoka kwingine. Kisha akaanza kusoma, na Dorra akamwachia. Akapika, akafua, akakaa dirishani.

Ilikuwa riwaya ya mfanyabiashara wa nafaka mwenye wake wawili, katika mji wenye mto. Wake waligombana, wakapatana, wakaungana dhidi yake. Haikuwa mbaya. Haikuwa na mtoto wa kike, ngazi, gauni, wala mvua. Bi Wasila alifika ukurasa wa mwisho adhuhuri ikiwa imeshapita.

"Hayumo," alisema.

"Hayumo," alisema Dorra. "Nyumbani nasoma habari za mfanyabiashara. Nakuja kwa Hedi nikiwa na maoni yangu yote, nimeyapanga: mke mkubwa nampenda, mdogo ananichosha. Nafunika kitabu, natazama uzi, halafu namsikia mtu anasimulia. Ni mimi. Wiki ya kwanza nilijiambia ni uchovu wa zamu. Wiki ya pili niliona haya kusema. Ninyi mna kanuni zenu, mimi mgeni, nitaanzaje kusema nimewadanganya? Na hakuna aliyeweza kujua, maana kwenu kitabu hakifunguliwi."

"Na zile kurasa chache zilizobaki?"

"Hizo ziko kweli, za mfanyabiashara. Za huyu mwingine ulimi wenyewe ulizitaja." Dorra alijikunyata ndani ya sweta. "Shangazi, mimi ni muuguzi. Maiti nimezifunga kwa mikono yangu, na sijawahi kuogopa. Lakini siku ile ulipouliza alizikwa wapi, kuna mtu alivuta pumzi ili akujibu. Nilisikia pumzi yake kifuani mwangu. Ndipo nikakimbia."

Bi Wasila alifungua sanduku la makrudi, akamwekea moja mkononi. Akamweleza. Ilikuwa mara ya pili katika maisha yake kumweleza mtu, na ilimchukua muda mfupi kuliko alivyodhani: cheti, surua, ukimya wa baba, amri za mama. Jiwe.

"Basi rudi mezani," alimaliza. "Mara moja tu. Kwingine hawezi kusema."

"Na akishasema, atataka nini?"

"Anachotaka ni chake tayari."

Dorra alitafuna polepole. "Una hakika hataki zaidi?"

Bi Wasila hakuwa na hakika, naye hakudanganya. Alisema, "Nitakuwa nimekaa karibu yako."

*

Alhamisi hiyo walikuwa wote. Mzee Lamine alitangaza kwa aibu kwamba mwuaji alikuwa mpishi tangu mwanzo. Kifo chake kilikuwa cha uongo. Bi Mongia alisema mwanamume wa bandarini amefika na hafai. Kisha Dorra akafunika kitabu kwa mkono, akatazama uzi.

"Mfanyabiashara," alisema Dorra, "amefilisika. Wake zake wamenunua ghala lake kwa siri. Mke mkubwa nampenda. Mdogo ananichosha." Alisubiri. Makaa yalipasuka. "Uzi wangu uko hapa."

"Mfanyabiashara gani tena?" aliuliza Bi Mongia. "Na yule mtoto? Baba yuko langoni mvuani na maiti!"

"Hayumo, mama. Hakuwahi kuwamo."

Walitazamana. Hedi, ambaye hakupenda mambo yamalizike, alijikohoza na kusema, "Zamu ya Bi Wasila."

Bi Wasila alikuwa akisoma riwaya ya askari wa forodha katika kituo cha jangwani. Maoni yake yalikuwa tayari: ina upepo mwingi mno. Alifunika kitabu kwa mkono. Uzi wake ulikuwa mweupe, sufi isiyotiwa rangi. Aliutazama.

"Anapita langoni," alisema mtu, na alikuwa yeye.

"Mchimba kaburi hayupo, mvua imemzuia. Manispaa haijafunguliwa, na hata ingefunguliwa, baba hawezi kuisema habari hii kwa mtu aliyekaa nyuma ya meza. Akiisema itakuwa kweli. Kwa hiyo anakwenda kwa mama yake. Mama yake amezikwa mwezi uliopita na udongo wake bado ni laini. Anachimba upande wa miguu, kwa sepetu aliyoikuta ukutani. Anachimba mpaka shimo linamfika mapajani. Anamlaza. Blanketi linabaki na ncha nje, yenye mistari yake, naye anaisukuma ndani kwa vidole kama mtu anayemfunika mtoto asipate baridi. Hapaweki jiwe. Kwenye jiwe la mama yake kuna kijishimo cha kuwawekea ndege maji, kimejaa mvua. Anaosha mikono humo. Anarudi nyumbani, na mkewe anamwuliza, wapi? Anamjibu kwa neno moja tu, 'Miguuni.' Hawakulizungumza tena."

Sauti ilikuwa yake, lakini polepole kuliko kawaida yake, sauti ya mtu anayemzidi umri kidogo. Alipofunga mdomo aliona machozi ya Bi Mongia kabla hajahisi ya kwake. *Usikae upande wa miguu. Ondoka hapo.* Sikukuu zote zile, mama alikuwa akimzuia asimkalie dada yake.

Aliutoa uzi, akaulaza. "Uzi wangu uko hapa," alisema.

Mzee Lamine ndiye aliyejaribu kutoa maoni, kwa sababu alikuwa mtu wa adabu. "Kitabu kizuri hicho, bibie. Jina lake nani? Nikakitafute."

Bi Wasila alichukua mkoba, akatoa kitambulisho chake, akakiweka mezani kando ya uzi, uso juu.

"Jina lake ni hili," alisema. "Mimi nimeliazima."

Hedi alipokusanya glasi, alizikuta tano zina masalio ya majani na lozi chini. Ya sita ilikuwa tupu na safi, na ukingo wake ulikuwa wa moto.

*

Bi Mongia ana mpwa mwanasheria, na kabla wiki haijaisha alikuwa amemburuza hadi nyumbani kwa Bi Wasila. Kijana alisikiliza kisa cha cheti. Kisa cha riwaya hawakumpa.

"Kumwekea jiwe tu, hakuna shida," alisema. "Lakini unataka kifo chake kiandikwe, mama, na hapo kuna shida. Cheti ni kimoja. Siku atakapoandikwa amekufa mwaka 1958, wewe utakuwa hujazaliwa. Pensheni, nyumba, kura, vyote ni vyake. Lazima mahakama ikuandikishe upya siku hiyohiyo, na jaji anaweza kukataa. Fikiri kwanza."

"Nimefikiri tangu nikiwa na miaka minne," alisema Bi Wasila.

"Na jaji atakuuliza unataka jina gani," alisema kijana.

"Ndiyo hapo!" alisema Bi Mongia. "Shoga, nina orodha. Yule wangu wa bandarini ana jina zuri mno, halimfai mjinga yule, litakufaa wewe."

Bi Wasila alicheka, lakini hakuchagua. Tangu Alhamisi ile hajasikia kitu kwenye ngazi. Ameanza tena kuanika nguo darini, na akifika hatua ya tatu husogea kando, kama mtu anayepishana na mwenzake.

Mwashi amekwisha kuchonga jiwe. Lina jina na miaka miwili, 1956 na 1958, na kijishimo cha maji ya ndege. Limewekwa ndani ya duka la Hedi, nyuma ya rafu, likisubiri hukumu. Wasomaji wanaendelea na Alhamisi zao. Dorra amerudi na kitabu kingine, chenye jalada, na kanuni ya kwanza imebadilishwa: sasa kitabu hufunguliwa. Hedi hupeleka glasi sita, na hakuna anayemsahihisha.

Shauri limepangwa asubuhi ya Jumatatu, tarehe 12 Mei 2025. Karani atatoka mlangoni na kuita, "Wasila Ghanmi." Mahakama ile huita kila jina mara mbili. Bi Wasila ataitika ya pili.